Khalati, mwanangu ameniandika ombaomba ili apate chuo Marekani

Shikamoo Khalati,

Naandika barua hii saa tano usiku. Unga nimeshaukanda na kuufunika, mume yuko safarini, watoto wamelala. Jina langu tafadhali usilitoe. Huku kwetu Likoni ukipiga chafya Mtongwe, unaombewa dua Shelly Beach.

Nina watoto watatu. Kifungua mimba ni binti, nimwite Mwanasha, yuko kidato cha tatu katika shule moja ya kutwa ya wasichana ng'ambo ya kivuko, huko Kisiwani. Ndio wale wa mwisho wa mtaala wa zamani wa 8-4-4. Nyuma yao hakuna kidato kingine, kuna Gredi ya 10 na mtaala wao mpya.

Mwaka jana mwishoni shule ilianzisha darasa maalum. Katika wasichana kama 160 walichaguliwa 22, kwa alama na kwa mahojiano. Wazazi tukaitwa, tukaambiwa hili si darasa la KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, peke yake, ni la kuwatayarisha watoto kwa chuo kikuu, na wenye bahati kwa vyuo vya Marekani. Wanasoma hesabu zilizo mbele ya kidato chao, wanajadiliana kwa Kiingereza, wanafanya mazoezi ya mtihani wa SAT, na wanaandika insha za kujieleza. Jumamosi wanasoma mpaka saa tisa. Mzazi anaongeza shilingi 4,000 kila muhula juu ya karo. Wenzao wanawaita "watoto wa ndege", wengine kwa mapenzi, wengine kwa kijicho.

Siku jina lake liliposomwa nililia mbele za watu. Mimi niliishia darasa la nane. Si kwamba sikupita, ni kwamba hakukuwa na wa kunilipia.

Kazi yangu ni mahamri na mbaazi asubuhi, viazi karai jioni, pale karibu na feri. Naamka saa tisa usiku. Mume wangu ni dereva wa lori, hupeleka makontena Kampala. Hutoweka wiki mbili, akirudi hukaa siku tatu nne, kisha huyo tena. Hatuna makuu, lakini Khalati, watoto wangu hawajalala njaa hata siku moja. Kwa mahamri hayohayo nimesimamisha vyumba viwili vya mawe, kimoja tunalala, kimoja nimepangisha.

Sasa, wiki tatu zilizopita nilikuwa nikitafuta risiti ya zile 4,000 kwenye mkoba wa Mwanasha. Risiti sikuiona. Nikakuta karatasi iliyopigwa chapa kwa Kiingereza, imejaa wino mwekundu pembeni. Kiingereza changu ni cha kuuzia watalii, nilidaka "mama", "njaa" na "barabara". Nikamwita mtoto wa dada yangu, yuko chuoni, anisomee. Akaanza kwa sauti, halafu akawa anasoma huku ameinamisha macho.

Anasema pale: mama yangu ni mwanamke maskini anayeuza chakula kando ya barabara, mikono yake imeungua mafuta. Baba yetu alituacha nikiwa mdogo. Kuna usiku tunalala na njaa. Nadurusu kwa mwanga wa koroboi. Koroboi, Khalati! Stima tunayo tangu huyo Mwanasha yuko darasa la pili, na tokeni nazinunua mimi kwa simu yangu. Pembeni mwalimu ameandika: "Vizuri! Ongeza hapa. Wafanye wahisi."

Chini ya karatasi ile kulikuwa na daftari, maandishi ya mkono, Kiswahili, mambo ni hayohayo ila si hayo. Hilo nililisoma mwenyewe: "Saa kumi alfajiri mama huniita kwa jina la utani ambalo shuleni hawalijui. Mimi hukata, yeye hukaanga. Baba anapotuacha kwenda safari, mama hukaanga hamri moja zaidi akaiweka kando, na hatuambii ni ya nani."

Nikalifunga.

Mpaka leo sijamwambia kitu. Lakini siko sawa naye. Nakata maneno. Juzi alfajiri alipokuja jikoni nilimwambia, "Rudi kalale, wasije wazungu wako wakakuona unashika unga." Akaniangalia tu. Hakuelewa, au alielewa, sijui.

Dada yangu ananiambia nikaze moyo, mtoto aandike lolote mradi apande ndege. Kijana wake anasema wote wanaandika hivyo, ndiyo mtindo. Mume wangu akisikia ameandikwa kuwa alitelekeza wanawe, ataenda shuleni na lori zima. Tena Jumamosi zile hakuzipenda tangu mwanzo, atamtoa. Na mwalimu mwenyewe si mtu mbaya. Ni kijana, alisoma nje, akarudi kufundisha, na wapo watoto wawili aliowalipia zile 4,000 mfukoni mwake.

Nikilalamika naogopa mwanangu ataondolewa kwenye darasa. Nikinyamaza najiona nakula aibu yangu kwa mkono wangu. Na akitoka pale, chuo atakipata wapi? Niseme au ninyamaze? Nikisema, nianze na nani?

Mama Mahamri, Likoni

KHALATI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Na pole. Barua yako niliisoma nikaiweka, nikaenda kujitengenezea chai, nikarudi kuisoma tena, maana mara ya kwanza nilidhani ni barua ya shule.

Kama nimekuelewa, mambo ni haya. Binti yako amepata nafasi ambayo wewe ulinyimwa. Ndani ya nafasi hiyo kuna karatasi, na ndani ya karatasi yumo mwanamke mwenye kazi yako na mikono yako ambaye wewe humtambui. Ukimkana mwanamke yule waziwazi, unaogopa mtoto atapoteza nafasi. Ukimkubali, unajiona umeweka sahihi kwamba hukulea. Na wakati unapima huku na huku, wewe na Mwanasha mmeanza kupotezana jikoni.

Unaniuliza useme au unyamaze. Mwanangu, nadhani umeshasema. "Wasije wazungu wako wakakuona" ni maneno, na yalikuwa na ncha. Mtoto wa kidato cha tatu si mjinga. Huenda usiku ule alifungua mkoba akaona karatasi imekunjwa vingine. Kwa hiyo sidhani unachagua kati ya kusema na kunyamaza. Hilo limeshatoka, ila limetoka nusu, na nusu iliyotoka ndiyo yenye uchungu.

Hebu tuifungue karatasi yenyewe, maana naona umebeba maumivu mawili kwenye kikapu kimoja.

Koroboi ni uongo. Njaa, kwa ulivyonieleza, ni uongo. Hapo sina la kukuongezea. Lakini mikono iliyoungua mafuta? Kuuza kando ya barabara? Kazi hiyo ya karai umeniandikia wewe mwenyewe, kwa fahari, mistari michache kabla ya kuilalamikia karatasi. Nakuuliza kwa upole, usinikasirikie: kilichokuchoma ni kwamba ameyasema, au ni jicho ambalo ameazima kuyasema? Kazi ileile, wewe ukiieleza ina vyumba viwili vya mawe ndani yake. Kwenye karatasi haina hata kimoja. Tofauti hiyo ni kubwa, na una haki ya kuumia, ila si sawa na uongo wa koroboi, na ukimwendea mtoto na yote mawili yamefungwa pamoja atakujibu moja na kulikwepa jingine.

Kisha kuna neno lililonishughulisha zaidi ya yote: "alituacha." Nimefundisha lugha miaka mingi kabla ya kushika safu hii, na neno hilo nalijua ujanja wake. Mume akienda Kampala, ametuacha. Mume akikimbia majukumu, ametuacha. Mume akifariki, pia tunasema ametuacha. Kwa Kiswahili msikilizaji anajua ni lipi kwa uso wa msemaji. Kwa Kiingereza mara nyingi ni maneno matatu tofauti. Daftari linasema "baba anapotuacha kwenda safari." Karatasi imetoka kwenye daftari hilo, ikapita kwa mwalimu, ikarudi kwako kupitia kinywa cha kijana aliyekuwa na haya hata ya kukuangalia. Hujui bado kilichoandikwa pale ni kipi. Kusafiri? Kutelekeza? Au wamemuua mume wako kwa wino? Kabla hujamwogopa mumeo na lori lake, tafuta kwanza lile neno la Kiingereza ni lipi.

Simtetei mtoto. Njaa na koroboi hazikutokana na tafsiri. Lakini fikiria hili pia, na hapa kidole kinatuelekea sisi walimu wa zamani. Tumewafundisha nini watoto kuhusu insha? Karatasi ya kwanza ya Kiswahili ya KCSE ni insha, alama 40, na kila mwaka kuna swali la kubuni kisa, kutungia methali, au kumalizia kwa maneno uliyopewa. Anayebuni vizuri anapata alama. Nimesahihisha mayatima wasiohesabika ambao mama zao walikuwa nje ya lango wakingoja kulipa karo. Hakuna aliyewaita waongo, tuliwaandikia "Hongera". Kwa hiyo inawezekana Mwanasha, alipoambiwa "insha", akafanya kile ambacho shule imemzoeza kufanya tangu darasa la nne. Na alipoambiwa "ongeza", akaongeza, maana mwanafunzi wa kwetu hamkatalii mwalimu anayempenda.

Ila insha hii ni ya aina nyingine, na sidhani kuna mzazi aliyeelezwa siku ile mlipoitwa. Vyuo vingi vya Marekani hupokea maombi kupitia fomu moja ya pamoja iitwayo Common App. Humo mwombaji huandika insha ya kujieleza, maneno 250 hadi 650, kwa kuchagua swali moja kati ya saba. Swali moja linauliza kuhusu kikwazo au kushindwa. Mengine yanauliza kuhusu asili yako, kuhusu jambo linalokuteka mpaka ukasahau saa, kuhusu shukrani, na la mwisho linakuruhusu uandike utakalo. Kwetu hatuna desturi hiyo. KUCCPS, ofisi inayogawa nafasi za vyuo vyetu, haitaki kujua mama yako anaamka saa ngapi, inaangalia alama na masomo ya kozi uliyoomba, basi. Ndiyo maana hata mwalimu mwenye nia njema anaweza kufika pale akadhani kinachotakiwa ni machozi. Huenda na yeye alipitia mlango huo kwa machozi. Sijui, ila ni jambo la kumuuliza.

Hatari za karatasi ile nakueleza wazi, si kukutisha. Mwombaji hutia sahihi kwamba yaliyomo ni ya kweli na ni kazi yake mwenyewe, na chuo kikigundua vingine kinaweza kufuta nafasi hata baada ya kuitoa. Halafu mtoto wa dereva na muuza mahamri hawezi kwenda huko bila msaada wa fedha, na kuomba msaada kuna fomu zake. Vyuo vingi hutumia ile iitwayo CSS Profile. Fomu hiyo inauliza wazazi wote, kazi zao, mapato yao, nyumba yao. Pale lori litaonekana. Chumba ulichopangisha kitaonekana. Kisha faili moja litakuwa na baba wawili, mmoja aliyewaacha na mmoja anayeendesha lori. Na akipita hapo, kuna mahojiano ya viza Nairobi, ambapo binti wa miaka 19 anaulizwa ana kwa ana: wazazi wako wanafanya kazi gani, nani anakusomesha? Atajibu kutoka karatasi ipi?

Sitakudanganya, lakini, kwamba ukweli ndio unaoshinda siku zote. Yawezekana koroboi ingemvusha, na wapo waliovushwa nayo. Hilo pia lipime.

Na lipime ukijua muda ulio nao. Mtihani wao ni Novemba 2027. Vyuo vingi vya huko hufunga maombi ya kawaida karibu na tarehe 1 Januari, wakati matokeo ya KCSE kwa kawaida yanatoka Januari hiyohiyo, ndiyo maana Wakenya wengi huomba mwaka unaofuata. Karatasi uliyoiona, kwa hesabu yangu, ni mazoezi. Hakuna mtu Marekani aliyeisoma. Waliosoma ni mwalimu, mpwa wako na wewe.

Sasa lile swali lako lililonihuzunisha, "chuo atakipata wapi?" Nani amekwambia darasa lile ndilo lango pekee? Walikwambia shuleni, au umejiambia mwenyewe kwa sababu lako lilifungwa ukiwa darasa la nane? Binti aliyechaguliwa katika 22 kati ya 160 hakufanywa hodari na darasa, aliingia akiwa tayari hodari. Akipata C+ au zaidi anaweza kuomba shahada kupitia KUCCPS, na mikopo ya serikali ya HELB ipo. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko Tudor, palepale wazee wetu walipopaita MIOME. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, mwendo wa matatu. Hata huo mtihani wa SAT, mtu hujiandikisha mwenyewe, si mali ya darasa. Na upande wa pili, tuseme ukweli kuhusu ndege. Vipo vyuo kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst ambavyo havimkatai mtoto wa nje kwa sababu hana pesa, na vikimchukua humlipia kiasi anachopungukiwa. Lakini dunia nzima inagonga milango hiyo, na wanaoingia ni wachache mno. Darasa linaweza kumfaa sana hata kama ndege haipandi: hesabu, mijadala, Kiingereza cha kujiamini. Ndiyo maana sikwambii mtoe, wala sikwambii mbakishe.

Tuje kwa nani wa kuanza naye.

Ukianza na mwalimu, utakuwa umelinda heshima yako haraka, lakini Mwanasha atajua mbele za wenzake kwamba mkoba wake ulifunguliwa na insha yake ikapelekwa ofisini. Umri ule, hilo halisahauliki upesi. Kwa upande mwingine, kuna insha nyingine 21. Kuna mama wengine 21 ambao labda nao wamelazwa njaa kwa wino mwekundu bila kujua. Suala la "wafanye wahisi" si lako peke yako, na siku moja litafaa kusemwa kwenye mkutano wa wazazi, bila kutaja mtoto wala insha. Muulize tu mwalimu mbele ya wote: hizi insha zinaandikwaje, na sisi wazazi tutazisoma lini?

Ukianza na mume, utakuwa umemtendea haki, kwa sababu naye ameandikwa. Siri ya nyumba ikikaa sana huwa na wenyewe wawili na mgeni mmoja, na mgeni hapa ni yeye. Lakini umenieleza tabia yake, na mtoto akitolewa darasani kwa hasira katikati ya kidato cha tatu, kumbuka ulichoandika mwenyewe kuhusu darasa lao: nyuma yao hakuna kidato cha kurudia. Kumwambia baada ya kujua lile neno la Kiingereza ni lipi si sawa na kumficha. Ila usichelewe mpaka akalisikia kwa mpwa wenu.

Ukianza na Mwanasha, itabidi uanze na kosa lako. Ulifungua mkoba kutafuta risiti, sawa, lakini daftari halikuwa risiti. Na kuna yale ya alfajiri. Najua si mila yetu mzazi kumwomba mtoto radhi, wapo watakaonicheka hapa. Lakini sioni utamuulizaje kwa nini alikuandika vibaya kabla hujamwambia kwamba wewe pia ulimtamkia vibaya. Pengine usiulize "kwa nini" kabisa. Pengine mpe ile karatasi, umwambie nisomee, kwa Kiswahili, polepole, huku nakaanga. Msikilize akifika kwenye "njaa". Sauti ya mtu ikifika mahali ambapo hapaamini yeye mwenyewe, utaijua, hasa wewe uliyemzaa. Hatari yake ni kwamba anaweza kulia, au kukasirika, au kukwambia jambo ambalo hukulitarajia. Labda atasema kwamba yeye anaona aibu kweli, kwamba siku wenzake wa darasa wanaposhuka feri yeye hugeuza uso asionekane anakusaidia kwenye karai. Je, uko tayari kulisikia hilo? Kama hauko, subiri siku mbili tatu, hakuna moto unaowaka.

Nawe ukifika hapo, ukaona bado unataka kunyamaza, simwoni mtu wa kukulaumu. Wapo wazazi waliomezea makubwa kuliko hayo ili mtoto avuke. Naomba tu unyamaze kwa kuchagua. Huu unyamavu wa kukata maneno jikoni ni kitu kingine.

Halafu ile risiti, usiiache ipotee katikati ya yote haya! Pesa ya nyongeza bila risiti ni jambo la kuuliza bila haya, kwa upole, ofisini. Na wakija siku moja kusema darasa liendelee na likizo pia, fahamu kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza masomo ya ziada wakati wa likizo. Hilo ni nje ya swali lako, lakini nimeliona.

Limebaki jambo moja. Mistari mitatu uliyonakili kutoka kwenye daftari nimeisoma mara nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya barua yako. Koroboi nimeisahau mpaka niirudie, lakini hamri ile iliyowekwa kando siisahau. Na mtoto ameandika "hatuambii ni ya nani", akimaanisha kwamba anajua. Wewe ulijua kuwa anajua? Mume wako, huko mpakani kwenye foleni ya Malaba, anajua?

Unasema ulisoma hapo, ukalifunga. Hukuniambia daftari lilikuwa na kurasa ngapi.